Namna ya kupanga na wavuvi jinsi ya kumnusuru nguva

Mpango ulioandikwa Dar es Salaam ukaletwa kijijini umeshapigwa jalada huishia kabatini kwa mtendaji. Mimi huendesha vikao vya nguva pwani ya Kibiti, Mafia na Kilwa, na nawaandikia maafisa na vikundi vinavyotaka kuanza kazi hii kwao.

Kwanza kubalianeni juu ya mnyama mwenyewe, kwa ufupi. Nguva jike huzaa mtoto mmoja, kisha huweza kukaa miaka 3 hadi 7 ndipo azae tena. Hata akiachwa kwa amani, idadi yao haiongezeki zaidi ya asilimia 5 hivi kwa mwaka. Mwaka 2022 IUCN, shirika la kimataifa la uhifadhi wa asili, iliwaweka nguva wa Afrika Mashariki kwenye daraja la walio hatarini mno kutoweka. Kwa hiyo swali la kikao ni moja: wakubwa waliobaki wasife vipi?

Halafu waalikwa. Mwenyekiti wa kijiji, BMU (kikundi cha wanakijiji cha kusimamia uvuvi), bwana samaki yaani afisa uvuvi, na watu wa hifadhi ya bahari watakuja hata usipowabembeleza. Wa kuwatafuta ni nahodha wa jarife, ule wavu mkubwa wa macho mapana unaotegwa majini, na zaidi yake mwenye jarife, ambaye mara nyingi haendi baharini na huenda anaishi mjini. Nahodha akikubali kuhamisha nyavu bila tajiri wake kujua, hamjakubaliana kitu. Waite pia kina mama wa pweza. Maji yakikauka wao hutembea juu ya majani ya bahari, na nguva akila huacha mifereji myembamba iliyonyofolewa majani. Posho iwe sawa kwa wote; ya afisa ikizidi, watu watajua kabla ya chai.

Siku ya kikao itazame kwenye mwezi. Wavuvi wa dagaa wa taa hupumzika mwezi ukiwa mpevu, lakini hiyo ni bamvua, maji hujaa na kukauka sana, na kina mama wa pweza wako mwambani tangu saa nne asubuhi. Ndiyo maana mimi huanza baada ya Alasiri, na siku ya Ijumaa siigusi.

Sasa ramani. Tandika karatasi kubwa chini, chora visiwa, vilindi na midomo ya mto, kisha gawa punje: mahindi ni mahali nguva alipoonekana, maharage ni mahali jarife linapotegwa. Usiulize nani amemnasa. Sheria inakataza kumvua, na ukiuliza hivyo karatasi itabaki tupu. Uliza, "Wazee walikuwa wanamwona wapi?" Niliwahi kumwona nahodha mmoja mtu mzima akikaa kimya muda mrefu, kisha akachukua punje tatu za mahindi zilizowekwa na vijana na kuzisogeza kwa kidole hadi juu ya maharage. Hakusema neno. Kuanzia hapo mazungumzo yakawa ya kweli.

Punje zikikutana, ulizeni kwa nini, na msikubali jibu la kwanza. Nguva hufia jarifeni kwa sababu hupumua hewa, na akinaswa chini hawezi kupanda juu. Kwa nini hakuna aliyemwona mapema? Kwa sababu jarife hulala majini usiku kucha. Kwa nini halikaguliwi? Kwa sababu safari ya pili ni petroli, na petroli hukatwa kwenye mgawo wa mabaharia. Hapo ndipo pa kushika. "Wavuvi hawana elimu" ni jibu la kivivu, na likiingia kwenye mpango litazaa semina tu.

Kila kazi mnayoandika iwe na mtu, mahali, tarehe na mfuko wa fedha. "Jamii ihamasishwe" futa. Andika: jarife lisitegwe juu ya majani ya bahari kati ya alama hii na hii, mlinzi ni BMU ya kijiji fulani, kuanzia kaskazi ijayo. Suala la fidia ya wavu uliokatwa kumtoa nguva lijadilini waziwazi, hata likichukua jioni nzima, maana mvuvi anayeogopa kukata wavu hamwokoi nguva. Na bwana samaki aseme mwenyewe, mbele ya wote, atamfanyaje anayeleta taarifa ya nguva aliyenasa kwa bahati mbaya.

Kipimo cha mafanikio kisiwe idadi ya nguva. Ni wachache mno kuhesabika kutoka ufukweni. Hesabuni majarife yaliyobaki kwenye majani, na taarifa za walionaswa wakaachiwa hai. Daftari likae BMU.

Kibiti na Mafia ziko mkoa wa Pwani, Kilwa iko Lindi, na nguva haulizi mpaka. Peleka nakala halmashauri zote tatu mapema, bajeti ikiwa bado inaandaliwa. Ukifika Julai, mwaka wa fedha umeshaanza na utaambiwa usubiri mwakani.