Soma Mtutu Kwanza: Kwa Watu wa Goma Wanaonunua Masasi Ng'ambo

Mwezi uliopita mdogo wangu anayeishi Marekani alinitumia picha, mimi nikiwa nyumbani hapa Ndosho. Sanduku jipya la masasi 20, na pembeni bunduki yake ya nusu otomatiki aliyonunua ili awinde kulungu na wenzake wa kazini. "Yaya, nilishapata ya bei nzuri," aliandika, "na yanaingia kwenye magazini bila shida." Nikaikuza picha. Sanduku limeandikwa 300 Blackout. Mtutu umeandikwa 5.56, yaani risasi ya aina nyingine. Sikuandika jibu, nilipiga simu, maana Jumamosi ile alikuwa anakwenda uwanja wa shabaha.

Nilikaa kule miaka kadhaa, niliwinda, na nimeona jinsi sisi watu wa Goma tunavyojiponza katika jambo hili. Tumekua tukiona silaha barabarani. Mtoto wa Birere anatambua mlio wa AK tangu mbali. Lakini silaha tulizozoea kuona nyingi ni za ukoo mmoja na zinakula risasi moja, 7.62×39, basi mtu anafika ughaibuni akiamini kwamba risasi ni risasi, ikiingia imeingia. Huko dukani utakuta aina kadhaa rafu moja, nyingine zikifanana kama mapacha.

Kabla ya bunduki, karatasi zako. Sheria ya shirikisho la Marekani inamkataza asiye na kibali halali cha kukaa, na kwa kawaida mwenye viza ya muda kama ya masomo au matembezi, kumiliki silaha au hata risasi moja. Kuna vizuizi vyenye njia ya kutokea, kwa mfano leseni halali ya kuwinda, lakini hilo muulize mwanasheria wa uhamiaji, si jirani. Waliopokelewa kama wakimbizi na wenye ukaazi wa kudumu hawamo katika katazo hilo, ila kila jimbo lina masharti yake. Hukumu ya kosa la silaha inaweza kumfukuzisha nchini hata mwenye ukaazi wa kudumu. Walio Uingereza: bunduki za nusu otomatiki zilipigwa marufuku tangu 1988, isipokuwa zile ndogo za kaliba .22. Australia ilizibana sana baada ya mauaji ya Port Arthur mwaka 1996, na Kanada imekuwa ikipiga marufuku aina nyingi tangu 2020.

Sasa turudi kwenye picha ya mdogo wangu. Jina la risasi ambayo bunduki yako inakula limechongwa kwenye chuma, mara nyingi juu ya mtutu wenyewe. Usiamini alichosema muuzaji wa kwanza, wala maandishi ya mwili wa bunduki peke yake, kwa sababu mtutu unaweza kuwa umebadilishwa. Jina la mtutu, jina la sanduku, na maandishi madogo kwenye kitako cha ganda: vyote vitatu viseme kitu kimoja. Mtutu usipokuwa na maandishi, mpelekee fundi wa bunduki aupime. Usikisie.

Ile 300 Blackout ndiyo inayonitia hofu kuliko zote. Ganda lake limetokana na ganda la 5.56 lililofupishwa na kupanuliwa mdomo. Kwa hiyo magazini ni ile ile na bolti, chuma kinachosukuma risasi ndani na kufunga nyuma yake, ni ile ile, tofauti iko kwenye mtutu tu. Kichwa cha 300, kile kinachoruka, kina unene wa karibu milimita 7.8, na njia ya mtutu wa 5.56 ni ya kichwa cha milimita 5.7. Pengine bolti itakataa kufunga, na hapo umeokoka. Lakini kichwa kikisukumwa ndani ya ganda, bolti inaweza kufunga, na ukivuta kifyatulio moshi hauna pa kupita: bunduki inapasuka mbele ya uso wako. Wenye bunduki za aina zote mbili wasiweke masasi yake kwenye mfuko mmoja, na magazini wazitie rangi tofauti.

Mapacha wengine ni .223 Remington na 5.56×45 ya kijeshi. Kwa nje huwezi kuzitenganisha kwa macho. Chemba, yaani chumba cha risasi nyuma ya mtutu, ya 5.56 ina nafasi ndefu zaidi kabla ya kichwa kugusa mifereji ya mtutu, na risasi yake hujazwa kwa mgandamizo mkubwa zaidi. Basi .223 ndani ya chemba ya 5.56 ni salama, kinyume chake usifanye. Chemba iitwayo .223 Wylde inapokea zote mbili.

Na hiyo namba 7.62 isikudanganye. 7.62×39 ni ya AK na SKS, bunduki ya zamani ya Kisovieti. 7.62×51 ina ganda refu zaidi, nayo inakaribiana na .308 Winchester, ingawa kitabu cha bunduki ndicho kitakachokuambia kama zinabadilishana. 7.62×54R, ambayo watu wa kwetu wanaijua kwenye mikanda ya bunduki ya rashasha PKM, ni kitu kingine kabisa. Namba ya pili ni urefu wa ganda, na ndiyo watu wanayoiruka.

Bunduki za zamani zina tabia zake. SKS ina pini ya kugonga risasi isiyoshikwa na springi katika matoleo mengi, na ikijaa grisi ya ghalani inaweza kufyatua yenyewe bolti inapofunga. Ioshe mpaka ndani ya bolti kabla ya risasi ya kwanza. M1 Garand inatumia .30-06, lakini masasi mazito ya kisasa ya kuwindia yanaweza kuupinda ufito unaoendesha bolti, kwa hiyo tafuta yaliyotengenezwa kwa ajili yake.

Nunua ya kiwandani, ndani ya sanduku lake. Masasi yaliyojazwa upya nyumbani na mtu usiyemjua yaache hata akikupa bure. Hujui alipima baruti akiwa amechoka kiasi gani. Kagua moja moja: ganda lenye kutu ya kijani, lililobonyea, au lenye kichwa kilichozama kuliko wenzake, weka pembeni. Risasi inayopakiwa na kutolewa chemba mara nyingi, kichwa chake huzama kidogo kidogo, na mgandamizo hupanda. Viwanja vingi pia hukataa vichwa vyenye chuma ndani. Watayapima masasi yako kwa sumaku mlangoni, usikasirike.

Ukivuta na isilie, acha mtutu uelekee shabaha na usubiri walau sekunde 30 kabla ya kufungua. Ukisikia mlio mdogo, kama mtu aliyekohoa, simama hapo hapo. Huenda kichwa kimekwama ndani ya mtutu, na risasi inayofuata ndiyo itakayoupasua. Toa magazini, hakikisha chemba ni tupu, kisha angalia kama mtutu uko wazi.

Na mnaporudi kutusalimia: mnashukia Kigali na kuvuka mpaka kwa miguu, mabegi yanapita mashine zaidi ya mara moja. Risasi moja iliyosahaulika kwenye koti la kuwindia inatosha kukulaza mahabusu. Geuza kila mfuko nje kabla ya kufunga begi. Mkifika huku, msiokote masasi wala maganda ya ukumbusho upande wa Sake au Kanyaruchinya, na msiwaache watoto wayachezee. Penye maganda huenda pana pia mabomu ambayo hayajalipuka.

Mdogo wangu alirudisha sanduku, duka likakataa kulipokea. Akampa mwenzake wa kazini mwenye bunduki ya 300, na Jumamosi akanitumia picha mbili tu: maandishi ya mtutu, na maandishi ya sanduku jipya.