Namna ya kuandaa mashindano ya mashua za matanga bila kuchafua maji

Mashua ya tanga huenda kwa upepo, basi wengi wetu tunajiona wasafi tangu zamani. Siku ya mashindano simama gatini uhesabu boti za injini: ya kamati, ya maboya, mbili tatu za uokoaji, kila kocha na yake, na ya mpiga picha. Chupa za plastiki tunazipigia kelele sana, ila mimi nikiandaa mbio huanzia kwenye petroli.

Hatua ya 1: Punguza boti za injini

Andika orodha ya boti zote kabla hujatangaza mashindano, kisha uulize kila moja inakwenda kufanya nini. Makocha wawili au watatu wanaweza kupanda boti moja. Watanuna, lakini watazoea. Upepo ukilala, agiza injini zizimwe. Injini kongwe za mapigo mawili, zile za kuchanganyia oili kwenye petroli, hutema petroli isiyoungua moja kwa moja majini, hivyo kama unazo za mapigo manne, hizo ndizo zitoke kwanza. Kwa boti inayolinda watoto karibu na gati, mota ya umeme inatosha.

Hatari nyingine ni wakati wa kujaza mafuta. Tangi la kubebeka lishushwe, lijazwe nchi kavu. Lililojengewa ndani ya boti usilijaze mpaka mdomoni: petroli hutanuka jua likiipiga, ikatokea kwenye tundu la kupumulia. Zungushia tundu hilo kitambaa cha kunyonya mafuta. Yakimwagika, usimimine sabuni. Sabuni huyavunjavunja tu, yakapotea machoni huku yamo majini, na viumbe wakayapata pamoja na sabuni yenyewe. Nyonya kwa kitambaa, na kingine kikae ndani ya ngama, pale chini ya boti maji yanapokusanyika, kabla hujawasha pampu.

Hatua ya 2: Weka maboya bila kulima chini

Maboya ndiyo yanayoonyesha njia ya mbio. Nanga ya boya ikiangukia kwenye nyasi za bahari au matumbawe, mnyororo hufagia kila boya linapozunguka. Tafuta penye mchanga siku moja kabla. Upepo ukigeuka na boya likahitaji kuhamishwa, peleka boti mpaka juu ya nanga uivute wima. Wenye haraka huikokota, nayo hutoka na majani yamening'inia kwenye makucha. Yapo pia maboya yanayojishikilia mahali pake kwa GPS na mota za umeme, bila nanga. Ni ghali, kwa hiyo vilabu vichange.

Hatua ya 3: Andika adhabu mapema

Kanuni ya 47 ya World Sailing, shirikisho la dunia la mchezo huu, inakataza mshindani na anayemsaidia kutupa taka majini kwa makusudi, wakati wote wakiwa majini, si kwenye mbio tu. Kanuni inaruhusu adhabu iwe ndogo kuliko kuondolewa mashindanoni, na hapo ndipo waamuzi huanza kuoneana haya. Taja adhabu yenyewe kwenye maelekezo ya mashindano. Ongeza sentensi moja inayoruhusu mashua kukabidhi taka kwa boti za uokoaji.

Hatua ya 4: Vitu vidogo vidogo

Hapa ndipo kanuni inaposhindwa, maana hakuna anayekusudia. Chukua spinaka, lile tanga kubwa jepesi la mbele. Kabla ya kutoka, mabaharia huiviringisha kama mkeka, wakaifunga kwa mipira myembamba ili ipande bila kujaa upepo. Kamba ikivutwa, mipira hukatika, pa, pa, pa, na yote huangukia majini upande wa demani, unakoelekea upepo. Siku moja nilihesabu 14 kwenye tanga moja, na mashua zilikuwa tisa. Tumia uzi wa sufu halisi badala yake: unakatika vilevile, nao huoza. Uzi wa sintetiki wa dukani unafanana nao lakini ni plastiki tupu, kwa hiyo soma lebo.

Biskuti zitolewe kwenye vifungashio gatini, ziingie kwenye kopo. Maji yawe kwenye pipa lenye bomba, na kila mtu aje na chupa yake.

Hatua ya 5: Mwili wa mashua

Rangi za kuzuia viumbe kuota kwenye mashua zenye TBT, kemikali kali ya bati, zimepigwa marufuku na mkataba wa kimataifa ulioanza kutumika mwaka 2008. Nyingi za leo zina shaba, nayo si chakula cha samaki. Mashua ndogo inayopandishwa kila jioni haihitaji rangi hiyo hata kidogo; sponji na maji vinatosha. Zile zinazolala majini, usizisugue humo humo kama rangi yake ni laini, ya kuchujuka kidogo kidogo: utaona wingu la rangi likishuka, na hiyo ndiyo sumu. Ukipiga msasa, tandika turubai na utumie mashine yenye kivuta vumbi.

Mashua inayotoka ziwa moja kwenda lingine ioshwe, imwagwe maji yote na ikaushwe kabisa pamoja na trela. Kome wageni husafiri hivyo hivyo.

Hatua ya 6: Pima

Jioni pima magunia ya taka kwa mizani, na uandike lita za petroli za kila boti. Lita hizo zibandike kwenye ubao wa matokeo, chini ya majina ya washindi. Makocha husoma ubao huo kuliko mtu yeyote.