Kambi ya ufukweni na familia msimu wa likizo: panga saa kabla ya mizigo

Watu wengi wakipanga kambi huanza na orodha ya vitu. Hema, magodoro, jiko, tochi, hadi gari linajaa, na bado hakuna anayejua siku ya kufika maji yatajaa saa ngapi. Nimelala ufukweni na watoto misimu mingi ya kiangazi, na safari zilizotuharibikia karibu zote ziliharibikia kwenye saa. Kijiko kikisahaulika, jirani wa hema la pili atakuazima. Saa ikikupita hakuna wa kukuazima.

Wakati wa kilele cha likizo kila mtu anataka ufukwe uleule, wiki ileile, na asubuhi anataka choo kilekile. Nafasi nzuri unaweza kuikosa hata ukiwa na hela. Ratiba ya familia yako lakini ni yako mwenyewe, kwa hiyo hapo ndipo tunapoanzia.

Hatua ya 1: Soma jedwali la kupwa na kujaa kabla ya kuchagua tarehe

Sehemu nyingi za dunia maji hujaa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa takriban dakika 50. Yakijaa leo saa nne asubuhi, kesho yatajaa karibu saa tano kasoro dakika kumi. Siku chache tu zinatosha kugeuza ratiba: ufukwe mpana mliochezea asubuhi ya kwanza utakuwa chini ya maji saa ileile kabla ya wiki kuisha.

Halafu tazama mwezi. Mwezi mwandamo na mwezi mpevu huleta bamvua, maji yakipanda sana na kupwa sana, kwa kawaida siku moja au mbili baada ya mwezi wenyewe. Wiki moja hivi baadaye huja maji mafu, na tofauti ya kupwa na kujaa hupungua. Kwa watoto wadogo mimi huchagua wiki ya maji mafu nikiweza, maana mikondo hupoa kidogo na mstari wa maji hautembei mbali. Wakubwa kidogo hufurahia bamvua, kwa sababu maji yakipwa wanapata uwanja mpana wa mchanga na vidimbwi vya kuchungulia kaa.

Uzito wa hatua hii hutegemea bahari yenyewe. Kwenye Bahari ya Mediterania tofauti ya maji mara nyingi haifiki nusu mita, na hapo huna haja ya kuhangaika sana. Kwenye Ghuba ya Fundy, Kanada, hufika mita 16 hivi. Angalia jedwali la ufukwe mnaokwenda, si la mji ulio karibu nao.

Hatua ya 2: Tafuta nafasi kwa njia ya pembeni

Weka nafasi mapema, hilo kila mtu analijua. Yasiyojulikana sana ni haya.

Kwanza, familia nyingi hutoka na kuingia Jumamosi. Omba kuingia Jumanne au Jumatano na utaona pengo la siku tatu au nne ambalo hakuna anayelitaka. Ukishindwa kupata wiki nzima sehemu moja, uliza kama unaweza kulala siku tatu hapa na nne pale ndani ya kambi hiyohiyo. Kuhamisha hema mita hamsini ni kazi ya saa moja na nusu, na watoto huiona kama safari ya pili. Pili, watu hughairi zaidi siku chache kabla ya tarehe ya mwisho ya kurudishiwa fedha. Ijue tarehe hiyo, kisha piga simu wiki hiyo.

Ukiwapata kwenye simu, usiulize kama kuna nafasi nzuri. Watakujibu ndiyo. Uliza kama chini ni nyasi au mchanga, kivuli kinafika saa ngapi, bomba liko umbali gani, na maji ya bamvua huishia wapi.

Swali hilo la mwisho nililipia. Mwaka mmoja tulifika kambi imejaa pomoni, isipokuwa kipande kimoja kizuri sana, tambarare, karibu kabisa na maji. Nilijiona mjanja. Yalikuwa maji mafu, na mstari wa mwani mkavu ulikuwa hatua kadhaa chini yetu. Sikujiuliza kwa nini watu wote wale walipita mahali pale na kwenda kubanana juu. Usiku wa sita niliamshwa na baridi kwenye kisigino. Nikawasha tochi: viatu vya mwanangu vilikuwa vinaelea mlangoni, taratibu, kimoja kimegeuka. Tulihamisha kila kitu gizani huku majirani wakitushikia taa, na hakuna hata mmoja aliyetucheka mbele yetu.

Tangu siku hiyo, mwani uliokauka haunidanganyi. Huwa kuna mistari miwili au mitatu, na wa juu kabisa, ule mweupe wenye vijiti na takataka za zamani, ndio wenye habari. Hema liwe juu ya huo, na juu yake kwa umbali wa kutosha.

Hatua ya 3: Mizigo

Nitapita haraka, orodha ziko kila mahali. Kitakachotumika kwanza kiingie garini mwisho: turubai la kivuli, maji ya kunywa, chakula cha kuliwa bila kupika, kisha hema. Magodoro yakae chini kabisa.

Penye joto mimi huhesabu lita nne kwa kila mtu kwa siku za kunywa na kupikia. Kama bomba halina uhakika, fika lita kumi ili mpate na za kuosha vyombo. Beba madumu madogo madogo. Dumu moja kubwa likipasuka mmebaki na kiu, na mtoto hawezi kulibeba.

Kwa vyakula vya baridi chukua maboksi mawili ya barafu. La vinywaji litafunguliwa mara mia kwa siku, liache lifunguliwe. La nyama na maziwa lifunguliwe mara mbili tu, na nyama iingie ikiwa imegandishwa. Badala ya kununua barafu ya vipande, gandisha chupa za maji: kipande kikubwa huyeyuka polepole, na kikishayeyuka mnakinywa.

Hatua ya 4: Kusimamisha hema mchana wenye upepo

Kambi nyingi hupokea wageni kuanzia mchana, na mchana ndio wakati mbaya kuliko wote wa kusimamisha hema ufukweni. Nchi kavu hupata joto haraka kuliko bahari, hewa yake inapanda, na hewa ya baharini inaingia kujaza nafasi. Upepo huo huongezeka nguvu alasiri na kutulia jioni. Usiku hugeuka na kutoka bara. Kwa hiyo fika mapema uwezavyo. Ukikuta umevuma, funga turubai la kivuli upande wa joshi, yaani unakotoka upepo, walishe watoto chini yake, na subiri. Hema linaweza kungoja hadi saa kumi na moja. Mtoto mwenye njaa hangoji.

Sehemu nyembamba ya hema ielekee upepo, mlango ukae upande wa demani, unakoelekea upepo. Piga vigingi vya upande wa joshi kwanza, hema likiwa bado limelala chini, ndipo uliinue. Ukianza na upande mwingine utajikuta umeshika tanga.

Vigingi vifupi vinavyokuja na hema havifai kwenye mchanga. Huchomoka kama sindano kwenye unga. Unaweza kununua vya sentimita 30 au 40 vyenye bapa pana, lakini njia ninayoiamini zaidi haihitaji kigingi. Chukua mfuko imara wa kitambaa, ujaze mchanga, ufunge shingo yake kwa kamba ya hema. Chimba shimo la urefu wa mkono hadi kiwiko, mfuko ulale ukikingama na kamba, usielekee nayo. Fukia, mwagia maji, kanyaga. Mchanga uliolowa na kushindiliwa hushika vizuri sana kuliko mkavu. Kisha vuta kamba kwa uzito wako wote. Ikisogea hata kidogo, chimba tena kwa kina zaidi. Mifuko minne kwenye pembe za joshi imewahi kutulaza salama usiku ambao mahema mawili ya jirani yalikwenda kulala kichakani.

Hatua ya 5: Ratiba ya siku, kinyume na umati

Hapa ndipo likizo hugeuka raha au foleni. Saa tatu hadi nne asubuhi kila mtu yuko kwenye bafu na kila mtu anapika. Sisi huamka saa kumi na mbili na kuingia ufukweni tukiwa karibu peke yetu, upepo ukiwa bado umelala. Tunarudi jua likianza kuuma, tunaoga mabafu yakiwa matupu kwa kuwa wengine ndiyo kwanza wanashuka. Saa tano hadi saa tisa ni kivuli, usingizi na karata, maana mionzi ya jua huwa mikali zaidi saa zinazozunguka adhuhuri. Krimu ya kujikinga na jua irudiwe kila saa mbili na kila mtu anapotoka majini, hata kama chupa imeandikwa haitoki kwa maji. Chakula cha jioni tunakula mapema, kabla foleni ya kuosha vyombo haijaanza.

Juu ya ratiba hiyo weka jedwali la maji. Maji hayapandi kwa kasi moja. Kuna hesabu ya mabaharia ya kugawa mpando mafungu kumi na mawili: saa ya kwanza fungu moja, ya pili mawili, ya tatu matatu, ya nne matatu, ya tano mawili, ya sita moja. Tuseme tofauti ya maji ni mita 3. Saa ya kwanza yatapanda sentimita 25, na utadhani una muda tele. Saa ya tatu peke yake yatapanda sentimita 75, na ya nne vilevile. Ni kadirio tu, lakini linaeleza kwa nini familia iliyokwenda kutembea kwenye miamba hukuta njia ya kurudi imefunikwa ghafla. Matembezi ya miambani yaanze maji yakiwa bado yanapwa, na mgeuke kurudi kabla hayajaanza kupanda.

Penye walinzi, ogeleeni kati ya bendera za nyekundu na njano. Bendera nyekundu tupu maana yake msiingie. Pasipo walinzi, simama juu kidogo na utazame mawimbi dakika tano kabla ya mtoto yeyote kulowa. Ukiona njia tulivu, yenye rangi ya giza, mawimbi yakivunjika kulia na kushoto lakini si pale, usifikiri umepata mahali pa watoto. Huo mara nyingi ni mkondo unaovuta kwenda kilindini. Aliyevutwa asipigane nao kurudi moja kwa moja: aelee, apunge mkono, na akiweza aogelee sambamba na ufukwe mpaka atoke, ndipo arudi. Maboya ya kujaza upepo yabaki kambini upepo ukitoka bara. Husukumwa mbali haraka kuliko mtu mzima anavyoweza kuogelea.

Na nani anatazama? Watu wazima sita wakiwa ufukweni, kila mmoja hudhani mwenzake anatazama. Sisi tuna kofia moja mbaya ya rangi ya machungwa. Aliyeivaa hashiki simu, hasomi, hapiki. Akichoka humvisha mwingine kichwani na kumwambia, "Wako wanne majini," na anayepokea huhesabu kwanza kabla ya kuitika.

Hatua ya 6: Moto na mashimo

Ukiruhusiwa kuwasha moto, uzime kwa maji, maji mengi, mpaka mkono usikie ubaridi. Usiufukie. Mchanga hufunika makaa na kuyatunzia joto kwa saa nyingi, juu pakiwa panaonekana safi, na mtoto wa peku ndiye huyagundua. Jiko la gesi au la mkaa lisiingie hemani hata mvua ikinyesha, hata likiwa limebaki majivu. Hewa yake yenye sumu haina harufu.

Mashimo ya kuchezea yasizidi magoti ya mtoto mdogo kuliko wote. Mchanga ukiporomoka hufunika mtu haraka na ni mzito kuondoa. Fukieni kabla ya kuondoka ufukweni, kwa ajili ya wanaotembea usiku.

Hatua ya 7: Kuondoka

Fungasheni usiku wa mwisho kila kitu msichokihitaji asubuhi, na mwondoke mapema kuliko wengine wanaoondoka. Zipu za hema ziswakiwe kwa maji yasiyo na chumvi, chumvi ikikauka humo huzila. Hema likifungwa na umande, lianikwe siku hiyohiyo mnapofika nyumbani, hata kama ni juu ya milango.

Kabla ya kuwasha gari, pitia ofisini uulize nafasi za mwaka ujao zinafunguliwa siku gani, uiandike. Kisha rudi pale hema liliposimama uhesabu vigingi. Kama vilikuwa kumi na sita na umeshika kumi na tano, piga magoti utafute.