Somo: Kuchora banda la mbao kuukuu kwa rangi za maji

Kosa la kwanza ni kuona mbao ukakimbilia kahawia. Banda lililopigwa jua na upepo wa bahari miaka mingi, kama yale yaliyo pembeni ya mashamba ya karafuu Pemba, ni la kijivu. Kahawia hubaki chini ya upenu, mvua isikofika.

Tayarisha karatasi nene ya gramu 300 kwa mita ya mraba, brashi bapa ya inchi moja, ya duara namba 8, na rangi tatu: bluu ya ultramarini, sienna ya kuchomwa (kahawia yenye wekundu) na oka ya njano (njano ya udongo).

1. Chora kwa penseli, hafifu. Paa libonyee kidogo katikati. Rula iweke mbali. Banda kuukuu lililonyooka hufanana na kontena.

2. Anza na mbingu na mikarafuu ya nyuma, kisha ngoja. Wakati wa masika karatasi hukawia kukauka: iguse kwa mgongo wa mkono, ikiwa baridi bado ina maji. Ukiharakisha, rangi ya ukuta itatambaa hadi mbinguni.

3. Ukuta upake wote kwa mkupuo mmoja. Bluu na sienna zikutane kwenye karatasi yenyewe, si kwenye kisahani, ili kijivu kisiwe cha aina moja. Panapopigwa jua ongeza maji. Chini kabisa dondoshea oka, maana mvua hurushia mbao udongo.

4. Ukishakauka, chovya brashi bapa kwenye rangi nzito, ifute kwa kitambaa, ilaze na uipitishe kufuata ubao. Nyufa tatu au nne zinatosha, tena zikatike njiani. Ukichora kila ubao utapata mkeka.

5. Kivuli cha upenu ni cha mwisho: ultramarini nyingi, sienna kidogo, pigo moja.

MASWALI

Mbona kivuli changu kimekuwa tope?
Umekirudia kabla hakijakauka, ukakoroga rangi ya chini.

Makuti jee?
Yapake kama bonge moja la kijivu kizito. Chanachana ukingo wa chini tu.

Nitumie nyeusi ya tyubu kwenye mlango?
Itaonekana kama tundu lililokatwa kwa mkasi. Changanya ultramarini na sienna, maji kidogo sana.

Nje nichore saa ngapi?
Saa tatu asubuhi au saa kumi alasiri. Saa sita jua liko utosini, na kuta mbili za banda huwezi kuzitofautisha.