Thisisi yako si makala bado: vile ya kupeleka kazi ya utangamano kwenye jarida la maana

Juzi baada ya Isha tulikuwa barazani hapa Tudor Mombasa, kahawa chungu na kashata, akaja kijana wa mtaa na laptopu yake kwapani akaniuliza, "Ami, nna thisisi (tasnifu) ya kurasa mia na arobaini juu ya utangamano, yani nchi kuungana, wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, supavaiza asema lazima nitoe makala kabla sijagraduate, sasa nikate kurasa ngapi na niitume wapi?" Nikacheka manake ndo swali lile lile nililouliza mimi zamani, na jibu nililopewa wakati ule lilinila pesa. Basi naandika kwa urefu ili wengine mpate pia, hata nyinyi wa sheria na biashara mnaoandika mambo ya mipaka na forodha.

Kwanza usikate. Thisisi huipunguzi mpaka ikawa makala, makala waiandika upya na thisisi yako yakaa kando kama stoo, waenda wachukua unachotaka warudi. Makala ina swali moja tu. Ile sura yako ya historia, Jumuiya ya kwanza ya 1967 ikavunjika 1977, mkataba mpya ukatiwa saini 30 Novemba 1999 ukaanza kazi 7 Julai 2000, wasomaji wa jarida washaijua, sentensi mbili zatosha. Na kile kichwa cha "changamoto na fursa za utangamano Afrika Mashariki" achana nacho kabisa, mhariri amekiona mara ngapi sijui, akikiona tena afunga faili hapo hapo.

Sasa swali lenyewe latoka wapi? Wewe uko Mombasa yakhe, na watu wa Mombasa twadharau tulichonacho. Mtu akaa Changamwe, kila siku aona treila za Uganda na Rwanda zimepanga foleni, halafu aandika juu ya Umoja wa Ulaya. Chukua mfano mmoja. Tangu 2014 kuna Himaya Moja ya Forodha, yani mzigo wa kwenda Kampala ushuru wake hutozwa na Uganda mzigo wenyewe ukiwa bado uko bandari ya Kilindini, na maofisa wa mamlaka ya mapato ya Uganda na Rwanda wako hapa hapa Mombasa wafanya kazi. Hebu simama hapo kidogo. Ofisa wa dola nyingine afanya kazi ya kodi, kazi ya dola kabisa, kwenye ardhi ya Kenya. Ajenti wa kliaringi, yule wa kutoa mizigo bandarini, aona ni mambo ya kawaida, asubuhi aingia ofisini atuma dokyumenti zake basi, lakini kwa mtu wa sayansi ya siasa hilo ni swali la mamlaka na uhuru wa nchi, na swali lenyewe liko hatua chache kutoka stendi ya matatu.

Halafu swali hilo liunganishe na nadharia, na hapa ndo wengi twaanguka. Hatukosi data, shida ni kuwa data yetu haizungumzi na mtu. Msomi wa siasa Ernst Haas mwaka 1958 alisema nchi zikianza kushirikiana kwenye jambo moja, jambo hilo huvuta la pili na la tatu, ushirikiano wamwagika wenyewe. Akaja msomi mwingine, Andrew Moravcsik, miaka ya tisini akasema la, serikali ndo hukaa mezani zikapatana kwa maslahi yao, zikiona hasara zasimama. Sasa wewe na maofisa wako wa Kilindini uko upande gani? Kama ni Haas, mbona mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa Februari 2019 ukafunguliwa mwisho wa Januari 2022, na nchi zote mbili ziko ndani ya Soko la Pamoja la Jumuiya, lile la bidhaa na watu kuvuka mipaka kwa uhuru? Ukiweza kueleza kwa nini forodha ya Mombasa iliendelea kufanya kazi wakati mpaka ule umefungwa, hapo una makala. Usiitumie nadharia kama pambo la sura ya pili, yani waitaja kisha huirudii tena mpaka mwisho, wahakiki, yani wasomi ambao jarida huwapa makala yako waikague, wanauchukia sana mchezo huo.

Tena hakikisha mambo madogo. Umoja wa Forodha ni 2005, Soko la Pamoja ni 2010, itifaki ya Umoja wa Fedha ilisainiwa 2013 na ikasema sarafu moja ifikapo 2024, mwaka ukapita sarafu hatuna. Wanachama sasa ni wanane, Kongo ya Kinshasa iliingia 2022 na Somalia 2024, ukiandika sita mhakiki ajua umekopi kutoka makala ya zamani. Mimi nilichanganya Forodha na Soko la Pamoja kwenye ukurasa wa kwanza kabisa, maoni niliyorudishiwa mpaka leo nikiyakumbuka uso waniwaka.

Jarida lichague kabla hujaanza kuandika, si baada. Hili nalirudia kwa sababu kila mtu afanya kinyume, aandika halafu azunguka na makala kama mtu auza samaki saa kumi jioni. Fungua jarida, soma ikisiri zote (ule muhtasari wa mwanzo wa makala) za miaka miwili mitatu ya karibuni, uone wabishana juu ya nini, halafu ingia kwenye ule ubishi. Journal of Eastern African Studies lipo tangu 2007 na kazi za eneo letu ndo chakula chake. African Affairs ni la 1901, Journal of Modern African Studies ni la 1963, hayo ni makubwa na mlango wake mwembamba, lakini kujaribu si dhambi. Africa Spectrum la Hamburg ni bure kusoma na bure kuchapisha. Africa Development la CODESRIA, baraza la watafiti wa sayansi ya jamii Afrika, kule Dakar nalo halikutozi. Journal of Common Market Studies kazi yake hasa ni Ulaya, kama hulinganishi chochote na Ulaya usijichoshe. Usidharau pia majarida ya vyuo vya hapa Afrika yaliyoko kwenye African Journals Online, tovuti ya majarida ya Afrika, mengine yana wahariri wakali kuliko unavyodhani.

(Na ndio, karibu yote hayo waandika Kizungu, au Kifaransa kwa Dakar. Watu wengi wa Jumuiya waongea Kiswahili kuanzia Lunga Lunga mpaka Goma lakini siasa yake twaijadili kwa lugha ya mgeni. Hilo lina siku yake.)

Haya, sasa zile pesa zangu zilizoliwa. Mwaka ule nlipata imeli tamu sana, ati "mtafiti mashuhuri, tumesoma kazi yako", mimi mwenyewe sina kazi yoyote nilotoa, nikafurahi kama mtoto wa Idi. Nikatuma, siku tatu makala ikakubaliwa bila koma moja kuguswa, nikaambiwa nitume dola mia na hamsini, nikakopa kwa shemeji nikatuma. Makala ikatoka kweli, jina langu limekosewa, na nilipoipeleka kwenye kamati ya chuo wakaniangalia kwa huruma. Jarida silitaji, lishabadilisha jina mara kadhaa. Dalili zake ndo hizo hizo kila siku: sifa nyingi, haraka nyingi, jina lafanana na jarida kubwa lakini neno moja limegeuzwa, wahariri hawana anwani ya chuo, na upeo wao ni sayansi ya siasa na famasia na uhandisi kwa pamoja.

Kucheki ni kazi ya nusu saa. Litafute jarida kwenye DOAJ, ile orodha ya majarida ya bure kusoma iliyoanza 2003, au kwenye African Journals Online. Likisema liko Scopus, ile orodha kubwa ya majarida ya kitaaluma, nenda Scopus yenyewe ukaangalie, usiamini logo walobandika. Kuna na maswali ya Think Check Submit, tovuti ya kukusaidia kupima jarida, yasome moja moja. Ile orodha ya mkutubi wa Marekani Jeffrey Beall ya majarida matapeli aliitoa hewani mwenyewe Januari 2017, kopi zake bado zazunguka, zitumie kama tahadhari usizifanye msahafu. Halafu fahamu kitu kimoja, kulipa peke yake si utapeli. Majarida ya kulipiwa na maktaba kwa kawaida hayamtozi mwandishi, yale ya bure kwa msomaji mengi yamtoza mwandishi, na yaliyo ya kweli mengi yana msamaha kwa watu wa nchi kama zetu. Uliza msamaha kabla hujatuma, kwa imeli, na jibu uliweke.

Mambo ya utafiti wenyewe, kama umehoji watu wataka kibali cha NACOSTI, tume ya serikali ya Kenya ya sayansi na utafiti, na cha kamati ya maadili ya chuo chako, na upate kabla ya kuhoji, siku hizi majarida mengi yakuuliza namba ya kibali palepale kwenye fomu. Na kuficha majina ya uliowahoji si kuandika "mhojiwa wa tatu" tu ukamaliza. Kilindini ni kijiji jamani. Ukiandika "ajenti wa kike, miaka ishirini kazini, mizigo ya Kigali, ofisi yake yaangalia geti" hapo washamjua wote mpaka muuza mahamri wa nje, na alokwambia mambo ya hongo ni yeye. Mweke awe "ajenti, Mombasa" na mwezi wa mahojiano, yatosha.

Kabla hujatuma soma masharti ya jarida hata kama ni marefu. Mengi yataka maneno kati ya 7,000 na 10,000 pamoja na marejeo, ukituma 13,000 yarudi bila kusomwa. Mhakiki hatakiwi kukujua, kwa hivyo toa jina kwenye ukurasa wa kwanza, toa kwenye taarifa za faili, na ile sentensi ya "kama nilivyoonyesha kwenye thisisi yangu" itoe pia, wengi waisahau. Marejeo yapange na programu ya Zotero, ni bure, uepuke kukesha ukisogeza koma. Ukitumia programu ya akili bandia kukunyooshea Kizungu, soma jarida lasemaje na utaje, lakini usiiache ikuletee marejeo, yakutungia vitabu ambavyo havikuandikwa na mhakiki akitafuta kimoja tu akakosa umekwisha.

Tuma jarida moja kwa wakati mmoja. Ukituma mawili na wahariri wakajua, na hujua manake wahakiki wa fani hii ni wale wale, jina lako lachafuka. Makala ikikataliwa mezani kwa mhariri ndani ya wiki mbili tatu usilie, hiyo ni nafuu, angalau hukukaa miezi sita. Ikipita yaenda kwa wahakiki wawili au watatu, na hapo ngoja, miezi mitatu, sita, hata zaidi.

Majibu yakija yasome, funga laptopu, nenda feri ukavuke urudi, kesho ndo uyasome tena. Mhakiki wangu wa pili aliandika kwamba kazi yangu ni ripoti ya bandari si makala ya siasa. Nilikasirika siku mbili, ya tatu nikaona ana haki, nadharia yangu ilikuwa ukurasa wa nne na wa mwisho tu. Nikachora jedwali, upande mmoja kila neno lake, upande wa pili nimefanya nini na ukurasa gani, hata lile dogo kabisa. Pale nisipokubaliana nikashukuru kwanza, kisha nikatoa ushahidi, kisha nikabadilisha hata sentensi moja ili aone nimemsikia. Yaruhusiwa kumkatalia mhakiki. Kumnyamazia ndo hairuhusiwi.

Jambo la mwisho ni jina, na sisi watu wa Pwani latusumbua zaidi. Kitambulisho chasema Ali Mohamed Salim, cheti cha shule Ali M. Bakari kwa jina la ukoo, pasipoti ni kitu cha tatu. Amua moja leo, fungua akaunti ya ORCID, ile ya kumtambulisha mtafiti, ni bure na wapewa namba ya tarakimu 16, na jina hilo hilo lifuate kila makala, la sivyo kazi zako zitagawanyika kati ya watu watatu ambao wote ni wewe. Prufu, yani kurasa zilizopangwa tayari kuchapwa, zikija wakupa siku mbili tu pengine. Anza kuangalia jina, halafu majedwali, halafu miaka, na tafadhali hapo usianze kuandika aya mpya, kijana wangu wa baraza nshamwambia hilo mara tatu na bado auliza kama aweza kuongeza sura ya Somalia.