Kabla hujashuka pwani Desemba: tsunami na mtu wa bara

Shule zikifungwa na mabasi ya Mombasa yakianza kujaa Kampala, swali la tsunami huibuka tena, hasa kwa mzazi anayewapeleka watoto kuona bahari kwa mara ya kwanza. Si swali la kuchekwa. Tsunami ya 2004 ilitokea tarehe 26 Desemba, katikati ya msimu huohuo wa likizo.

Kwanza ujue ni tetemeko lipi la kuogopa. Mtu wa Fort Portal au Bundibugyo hahitaji kufundishwa maana ya tetemeko. Lile la Machi 1966 liliua zaidi ya watu 100 huko Toro. Lakini Bonde la Ufa ni mahali ambapo ardhi inaachana, tena nchi kavu. Tsunami kubwa huzaliwa kule ambako bamba moja la gandunia, yaani kipande kikubwa cha tabaka la nje la dunia, linazama chini ya jingine, baharini. Mabamba hayo hayapishani kwa ulaini. Hukwama, na lile linalozama huendelea kuukokota ukingo wa lile la juu, likiukunja polepole kwa mamia ya miaka kama rula iliyopindwa kwa kidole. Siku linapoachia, ukingo hufyatuka na kuyainua maji yote yaliyo juu yake, toka sakafuni hadi usoni.

Ndiyo maana ukubwa wa tetemeko peke yake hausemi yote. Aprili 2012, karibu na Sumatra, lilipiga tetemeko la 8.6, lakini ardhi ilihama ubavu kwa ubavu badala ya kuinuka, na tsunami iliyofuata ikawa ndogo. Ukiona namba ya kutisha inazunguka WhatsApp, subiri tamko la idara ya hali ya hewa ya nchi uliko.

Pili, na hapa ndipo ushauri mwingi wa mtandaoni unapotupoteza: ukiwa Mombasa au Zanzibar, huenda usihisi chochote. “Ukitikiswa, kimbilia mlimani” ni kanuni nzuri kwa Japani na Indonesia. Tetemeko la 2004, lenye ukubwa wa 9.1, lilianza karibu saa kumi alfajiri kwa saa zetu, zaidi ya kilomita 6,000 kutoka Mombasa. Mawimbi yakavuka kilindi kwa mwendo wa kilomita 700 hadi 800 kwa saa, yakafika Kenya mchana. Somalia, ambako taarifa hazikuwafikia watu, walikufa karibu 300. Kenya watu waliondolewa fukweni, akafa mmoja. Kwa hiyo maandalizi yako makubwa ni sikio. Laini yako ya Uganda ikisumbua ukivuka Malaba, nunua ya huko, chaji simu kila usiku, na mwachie mtu wa nyumbani jina la mahali mnapolala.

Tatu, jifunze maji. Sisi tuliokulia kando ya Ziwa Victoria hatujui kupwa na kujaa, na bahari ya pwani hiyo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, kwa tofauti inayopita mita 3 wakati wa bamvua, siku ambazo maji hujaa na kupwa kupita kawaida. Pale Diani maji yakipwa, unatembea mbali kuelekea miamba, na mgeni anaweza kudhani ndiyo dalili yenyewe ya tsunami. Siyo. Kupwa kwa kawaida huchukua kama saa sita. Bahari inayovutika mbele ya tsunami huondoka kwa dakika, ikiacha samaki wakirukaruka mchangani, pengine kwa ngurumo. Asubuhi ya kwanza muulize mvuvi saa ya maji kupwa leo. Atakueleza bila kutazama karatasi. Bahari ikikauka nje ya saa hiyo, waambie watoto waache makombe, mwondoke. Dalili hii pia haiji kila mara. Safari nyingine maji huanza kwa kupanda tu.

Nyumba mliyopanga iangalieni mapema: njia ipi inaelekea bara, mwinuko uko wapi, kuna ghorofa imara ya karibu? Njia hiyo itembeeni kwa miguu, maana siku hiyo barabara itajaa magari.

Na Entebbe je? Ziwa letu halina mahali ambapo bamba moja linazama chini ya jingine. Anayeogopa tsunami pale aanze kwa kukataa boti isiyo na maboya ya kuvaa.

Turudi pwani: mkikimbia na mkishafika juu, kaeni hukohuko. Mawimbi huja kwa mfululizo, yakipishana kwa dakika 10 hadi saa nzima, na la kwanza mara nyingi silo kubwa kuliko yote. Hati za safari na dawa ziwe kwenye mkoba mmoja, ili asiwepo wa kurudi kuzifuata kabla mamlaka hazijatangaza kwamba hatari imekwisha.