Kuchezesha raki kwenye raga ya watoto: niliyomwambia mwalimu mwenzangu

Mwalimu mwenzangu wa michezo alikabidhiwa kipyenga achezeshe raga ya watoto wa chini ya miaka 12, huku kwetu Nkuhungu, Dodoma. Mpira wa miguu anauchezesha vizuri tu. Kilichomshinda ni raki, yaani pale mtoto akishaangushwa, wachezaji wa timu zote mbili wakasukumana juu ya mpira ulio chini. "Kaka, mimi pale naona vumbi tu," aliniambia. Tukakaa chini ya mwarobaini karibu saa nzima.

Nachukulia unajua kwamba pasi hairushwi mbele na trai inafungwaje.

Hatua ya 1: Kiwanja na vifaa

Kiangazi cha Dodoma ardhi huwa kama sakafu, na mbigili hazihesabiki. Tembea kiwanja chote na watoto, mziokote. Mistari ya chokaa isindikize kwa koni, maana upepo haungoji kipindi cha pili. Mpira uwe saizi 4. Kipyenga nunua kisicho na punje ndani. Chenye punje vumbi likiingia hutoa sauti ya kuku mgonjwa, kwa hiyo sikitaki hata cha bure.

Hatua ya 2: Ongea na makocha kabla

Mkubaliane wangapi wataingia kwenye raki. Mimi nasema wawili kila upande, ukiacha aliyeangushwa na aliyemwangusha. Uingereza mtoto wa chini ya miaka 7 na wa chini ya miaka 8 hucheza kwanza raga ya utepe (unamchomoa mwenzako utepe kiunoni badala ya kumwangusha), na kuangushana kunaanza chini ya miaka 9. Huku kwetu mtoto anaweza kuushika mpira wa mviringo-yai kwa mara ya kwanza akiwa na miaka 11, halafu kesho yake akapangwa kwenye mechi. Angalia uzoefu wake, umri peke yake utakudanganya.

Hatua ya 3: Chagua maneno

Marefa wa kwenye televisheni huongea muda wote, nawe fanya hivyo, ila maneno yajaribu mazoezini kwanza. Mimi nilianza na "Toka!" kwa mwangushaji aliyelalia mpira. Mtoto akainuka, akatoka kiwanjani kabisa, akaenda kukaa na mabegi akijua nimempa kadi. Siku hizi nasema "Bingirika!" Wanalipenda neno lenyewe, na wanafanya hicho hicho.

Vilevile sema "Achia!", usiseme "Acha!" Ukisema "Acha!" watoto wote kiwanjani wanasimama, hata wa mbali. Na ukipiga kelele "Mikono!" kuna watakaoinyoosha juu. Sema "Raki! Usishike!"

Hatua ya 4: Jua kama raki ipo au haipo

Hapa ndipo nilipoumbuka. Timu moja ilikuwa na mpira, mwenye nao akaangushwa, mwenzake akaja akasimama juu ya mpira peke yake. Binti wa upande wa pili akafika mbio, yuko kwa miguu yake, ameingia vizuri, akainama akauokota kabla hajagusana na yeyote. Nikapuliza: penalti, umeshika mpira kwenye raki! Mapumziko kocha wake akanifuata, kwa heshima zote. "Shikamoo mwalimu. Naomba kuuliza, ile raki ilikuwa ya nani na nani?" Sikuwa na jibu. Usiku ule nilisoma kitabu cha sheria cha World Rugby, shirikisho la raga duniani, kwenye simu mpaka chaji ikaisha.

Jibu ni kwamba ile haikuwa raki. Raki inahitaji mpira uwe chini, na angalau mchezaji mmoja wa kila timu awe amesimama juu yake, wamegusana. Mmoja peke yake hafanyi raki, hata akisimama pale mpaka jua lizame. Kabla ya hapo ni tukio la kuangushana tu, na anayefika kwa miguu yake kupitia mlangoni, yaani akitokea nyuma, upande wa timu yake, ana haki ya kutumia mikono.

Lakini usije ukavuka mpaka upande wa pili. Huyo mmoja akishasimama juu ya mpira, mistari ya kuotea ipo tayari, ingawa raki bado haijazaliwa. Mabeki wanatakiwa wawe nyuma. Mimi nilikuwa nimeviunganisha vitu hivi viwili: nikiona mstari, naona na raki. Vitenganishe kichwani.

Jambo jingine ni aliyewahi. Mtoto akiweka mikono kwenye mpira kabla raki haijaundwa, kisha mpinzani akaja kumsukuma, anaruhusiwa kuendelea kuupigania ilimradi amesimama. Goti likigusa chini, au kiwiko, hajasimama huyo. Na kama aliyeangushwa bado ameukumbatia kama mtungi wa maji, kosa ni la aliyekumbatia. Nilishawahi kumwadhibu mwindaji, yaani aliyekuja kuunyakua mpira, badala yake, kwa sababu ndiye aliyeonekana.

Kwa hiyo macho yangu sasa yana foleni. Kwanza mwangushaji: amemwachia mwenzake, amebingirika? Pili aliyeangushwa: ameuachia mpira? Tatu wanaofika: wamesimama, wamepita mlangoni? Mlango ni nyuma ya mwenzao wa mwisho aliyeko pale. Anayetokea ubavuni kaingia dirishani kama mwizi, na watoto wakiambiwa hivyo hawasahau. Nne ndiyo nauliza: wawili wamegusana? Nikiona ndiyo, natamka "Raki!" kwa sauti. Ukiitamka, unawaamulia watoto na unajiamulia mwenyewe. Kamwe usiitamke kwa mazoea.

Ukikosea foleni, utamkuta wa nne mwenye hatia kumbe wa kwanza ndiye aliyeharibu. Mara nyingi ni mwangushaji.

Hatua ya 5: Simama wapi

Fika haraka, chungulia, kisha rudi ubavuni hatua mbili tatu uwaone mabeki pia. Usisimame kwenye njia ya pasi.

Hatua ya 6: Mpira usipotoka

Timu moja ikiwa imeshaupata mpira na haiutoi, sema "Tumia!" kisha wape sekunde 5. Kwa watoto nahesabu kwa sauti. Ukikwama kabisa ni skramu (timu mbili hufungamana na kusukumana ili mchezo uanze upya), kwa kawaida kwa timu iliyokuwa inasonga mbele. Juu ya ardhi yetu mimi sisubiri rundo likue: wakianguka watatu, napuliza.

Kuingia ubavuni, kuruka juu ya walio chini na kushika mpira kwenye raki ni penalti. Kichwa na mabega kuwa chini ya nyonga ni friikiki, adhabu ndogo kuliko penalti, ila mimi kabla ya kupuliza nimeshapiga kelele "Kichwa juu!" mara mbili. Anayemzungusha mwenzake kwa shingo sina maelewano naye.

Hatua ya 7: Mtoto akigonga kichwa

Ukishuku tu kwamba amepata mtikisiko wa ubongo, anatoka na harudi siku hiyo, hata akilia kwamba yuko sawa, hata kocha akiapa. Mkabidhi kwa mtu mzima anayemjua, umwambie apelekwe akaonwe na daktari. Asirudi nyumbani peke yake kwa bodaboda.